Maswali yenu: Eliza wa My Fair Lady aliimba kwa sauti ya nani, na kwanini alirudi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu My Fair Lady, ile muvi ya kuimba ya Warner Bros ya mwaka 1964 ya Audrey Hepburn na Rex Harrison, na maswali yamemiminika. Kwa ambaye hajaiona, kwa kifupi ni hivi: Profesa Henry Higgins, bingwa wa lafudhi, anakutana usiku na Eliza Doolittle, binti anayeuza maua pale Covent Garden jijini London, afu anawekeana dau na rafiki yake Kanali Pickering kwamba ndani ya miezi sita atamfundisha huyo binti kuongea mpaka watu wa tabaka la juu wamdhanie ni mwenzao. Kabla ya kufika kwenye skrini hadithi ilishapigwa stejini miaka kadhaa, na mengi mnayouliza chanzo chake kiko hapo hapo.

Shikamoo anti. Mimi nimekua nikitazama Mary Poppins, juzi ndo nasoma kwamba Julie Andrews ndo alikuwa Eliza wa kwanza stejini. Sasa kwanini walimnyima muvi? Mwenye sauti yupo, unaenda kumchukua asiye na sauti, mi naona walimdhulumu.

Marahaba mwanangu. Hasira yako naielewa kabisa, manake hii nafasi Andrews aliitolea jasho. My Fair Lady ilifunguliwa Broadway tarehe 15 Machi 1956 kwenye ukumbi wa Mark Hellinger, New York, na yeye alikuwa na miaka 20 tu. Sauti ya kuimba alikuwa nayo tangu utotoni ila kuigiza mchezo mzito kama huu ilikuwa bado, na mazoezini alianza kuzama, Rex Harrison, aliyecheza Higgins stejini kabla ya muvi, mwenyewe akawa haamini kama huyu binti ataweza. Basi mwongozaji Moss Hart akawapa wengine wote mapumziko, akabaki na Andrews wikiendi nzima wakipitia mstari kwa mstari, anamwonyesha jinsi ya kushika mkoba, jinsi ya kunyanyua sauti, wapi akasirike na wapi anyamaze, na Jumatatu waliporudi wenzake wakamkuta Eliza. Mchezo ukapigwa mara 2,717 Broadway, wakati ule hakuna mchezo mwingine wa kuimba uliokuwa umefika hapo, na Andrews alikuwepo New York mwanzoni na tena London, ukumbi wa Drury Lane, mwaka 1958.

Sasa 1962 Jack Warner, mkubwa wa studio ya Warner Bros, ananunua haki za muvi kwa dola milioni 5.5, pesa ambayo haikuwahi kulipwa kwa mchezo wowote wa kuimba. Mtu aliyemwaga hela hiyo anataka jina ambalo likiandikwa nje ya sinema yoyote duniani watu wanapanga foleni, na Andrews alikuwa hajacheza muvi hata moja. Warner akamchukua Hepburn kwa dola milioni moja. Hata Harrison alitaka kumwacha, alimfuata kwanza Cary Grant, ila Grant alikataa na inasemekana alimwambia kama Harrison hayumo hata kuitazama hataitazama. Andrews hakuwa na mtu wa kumtetea namna hiyo, na Hepburn mwenyewe alikuja kueleza kwamba alijua akikataa nafasi inaenda kwa staa mwingine wala hairudi kwa Andrews. Namwamini. Aliyefanya uamuzi ni Warner, na lawama zimwendee Warner.

Wakati huo huo Walt Disney alishamwona Andrews kwenye mchezo wa Camelot na alikuwa anamtaka kwa Mary Poppins, akamsubiri mpaka ajifungue mtoto, ndo wakaanza kazi. Muvi zote mbili zikatoka 1964. Usiku wa Oscar wa tarehe 5 Aprili 1965 My Fair Lady ikabeba tuzo 8 kati ya 12 ilizotajwa, muvi bora, mwongozaji bora George Cukor, mwigizaji bora wa kiume Harrison, na nyingine za picha, mandhari, mavazi, muziki na sauti. Ila mwigizaji bora wa kike akawa Julie Andrews kwa Mary Poppins, na Hepburn hakutajwa hata kwenye orodha. Harrison aliposhika tuzo yake akawashukuru akina Eliza wake wote wawili. Kwenye Golden Globe mwaka huo huo Andrews alimshukuru Jack Warner, ukumbi mzima ukaelewa.

Anti, rafiki yangu ananiambia Audrey Hepburn hakuimba kabisa ile muvi, eti ni mtu mwingine nyuma ya pazia. Ni kweli? Na huyo mtu ni nani mbona jina lake halipo?

Ni kweli kwa sehemu kubwa, siyo yote. Anaitwa Marni Nixon, na kama unapenda muvi za kuimba za zamani basi umeshamsikia mara nyingi bila kujua. Yeye ndo sauti ya Deborah Kerr kwenye The King and I ya 1956, ndo sauti ya Natalie Wood kwenye West Side Story ya 1961, na kote huko jina lake halikuandikwa mwishoni mwa muvi, manake studio zilitaka mtazamaji aamini staa anajua kila kitu. Kwenye The King and I walimtishia kabisa kwamba akifungua mdomo hatapata tena kazi mjini, na aliyekuja kumtaja hadharani ni Deborah Kerr mwenyewe, kitendo ambacho mimi nampendea mpaka leo.

Kwa Hepburn mambo yalikuwa na uchungu zaidi. Alijifunza nyimbo zote, akafanya mazoezi na mwalimu wa sauti, akarekodi, na mbele ya kamera alikuwa anafuatisha midomo kwenye rekodi zake mwenyewe akiamini sehemu kubwa itatumika. Baadaye ndo akaambiwa karibu nyimbo zote zitaimbwa na Nixon. Akatoka seti akaondoka. Kesho yake akarudi akaomba radhi kwa wote kwa kuondoka vile, ndo mtu aliyekuwa.

Sauti yake imebaki sehemu chache, na nakuomba ukitazama tena utege sikio kwenye ule wimbo wa hasira, Just You Wait, ambapo Eliza anamwotea Higgins mabaya yote hadi kupigwa risasi na askari wa mfalme. Mwanzo pale anaponguruma kwa hasira ni Hepburn. Wimbo unapopanda juu kwenye noti ngumu anaingia Nixon, kisha tena chini ni Hepburn, na ukishaujua mshono ulipo huwezi kuacha kuusikia. Afu baada ya sherehe ile kubwa Eliza anaurudia ule wimbo kidogo tu huku analia, hapo ni Hepburn mwanzo mwisho, sauti inapasuka, haina uzuri wa kuimba hata kidogo na ndo sehemu inayoniuma kuliko zote kwenye muvi nzima. Nixon kwa ufundi wake wote asingeweza kuiimba vile, manake ule ulikuwa ni uigizaji.

Kwahiyo ukiniuliza msimamo wangu, nausema wazi. Muvi hii inahusu binti anayeondolewa sauti aliyozaliwa nayo akapewa nyingine inayokubalika na wakubwa, na studio ikamfanyia mwigizaji wake kitu kile kile, na aliyetoa sauti hiyo nyingine akafichwa. Wanawake wawili walifanya kazi moja na mmoja hakuandikwa. Rekodi za Hepburn mwenyewe za baadhi ya nyimbo zilikuja kutolewa miaka mingi baadaye, zitafute uzisikilize. Sauti ni ndogo, haifiki mbali, ila mimi kwenye ule wimbo wa kuota chumba chenye joto na kiti kikubwa ningeiacha ya kwake bila kusita, yule ni muuza maua anayetetemeka kwa baridi sokoni, hahitaji sauti ya opera. Ule wa furaha wa usiku, I Could Have Danced All Night, hapo sawa, apewe Nixon.

Nixon mwaka huo huo wa 1964 alicheza Eliza stejini New York, City Center, safari hii kwa uso wake mwenyewe, na 1965 akaonekana kwenye skrini kama mmoja wa masista kwenye The Sound of Music pamoja na Julie Andrews.

Na Freddy yule kijana anayeimba nje ya nyumba ya Higgins?

Jeremy Brett naye hakuimba, sauti ni ya Bill Shirley.

Hivi Rex Harrison alikuwa anaimba au anaongea tu? Mume wangu anasema huyo naye angewekewa mtu, kwanini yeye waliachia?

Swali zuri dada yangu, na lina uchungu wake ukilinganisha na ya Hepburn. Harrison hakuwa mwimbaji na nyimbo zake ziliandikwa kwa kujua hilo, Alan Jay Lerner aliyeandika maneno na Frederick Loewe aliyetunga muziki walimtengenezea nyimbo za kuongea juu ya ala, anagusa noti hapa, anaiacha pale, maneno yanakimbia kama mtu anayebishana na ukuta. Ukizisikiliza kwa makini utaona mdundo hauachii hata sekunde, ni ufundi mgumu sana wala siyo uvivu. Harrison mwenyewe ufundi huo uliwahi kumtisha. Usiku wa kwanza wa majaribio New Haven mwanzoni mwa 1956, nje theluji imeshika, Harrison akajifungia chumbani anasema hatoki, hajazoea kuimba na okestra nzima. Ilibidi wambembeleze mpaka dakika za mwisho, akatoka, na watu wakampenda.

Kwenye muvi akagoma kufuatisha midomo kwenye rekodi. Sababu yake ilikuwa ya msingi, kila akiimba anaimba tofauti, hawezi kuiga alichofanya jana. Basi mafundi wa sauti wa Warner wakamfungia maiki ndogo isiyo na waya ndani ya tai, wakamrekodi hapo hapo kamera ikiwa inazunguka, kitu ambacho mwaka 1963 kilikuwa ni kigeni mno kwenye muvi ya kuimba. Mtazame shingoni, tai zile zina kazi mbili. Ndo maana nyimbo zake zina pumzi, unamsikia anafikiri.

Kwanini yeye aliachiwa na Hepburn hakuachiwa? Jibu langu ni kwamba nyimbo za Higgins zilishonwa kwa mwili wa Harrison, na za Eliza zilishonwa kwa mwili wa Andrews, soprano, yaani sauti ya juu kabisa ya kike, anayepanda mlima bila kuhema. Hepburn akavalishwa nguo ya mtu mwingine kisha akaambiwa haimtoshi.

Naomba kuuliza kama mwanafunzi wa sanaa za maonyesho. Tumesoma Pygmalion ya George Bernard Shaw darasani, ni maneno matupu mwanzo mwisho. Waliwezaje kuigeuza nyimbo?

Walishindwa kwanza. Shaw alikuwa hataki kabisa mchezo wake uimbwe, manake mwaka 1908 mchezo wake mwingine uligeuzwa opereta, yaani mchezo mwepesi wa kuimba, kule Vienna na matokeo yakamuudhi, tangu hapo akafunga mlango. Alifariki Novemba 1950 na ndo mlango ukafunguka. Mtayarishaji Gabriel Pascal aliyekuwa na haki akazunguka kutafuta watunzi, hata Rodgers na Hammerstein, wakubwa wa kazi hiyo, walijaribu wakaachana nayo. Lerner na Loewe nao walijaribu wakaiweka pembeni kama miaka miwili.

Kilichowarudisha ni wazo moja rahisi. Soma tena ile tamthilia uliyonayo, utaona Shaw anaruka yote ambayo mtu wa kawaida angetaka kuyaona. Eliza anaingia kuoga, kitendo kinachofuata yuko sebuleni kwa mama yake Higgins anaongea kama mtu mkubwa. Miezi ya mafunzo iko wapi? Sherehe kubwa yenyewe iko wapi? Vyote vimetokea nje ya steji. Lerner akaona kumbe tamthilia usiiguse sana, wewe chukua vilivyotokea nje ya steji uvilete ndani, na hapo ndo nyimbo zinakaa.

Ndo tukapata mafunzo. Eliza amekaa mbele ya mwali mdogo wa gesi, kila akitamka h vizuri ule mwali unatakiwa kuruka, na yeye h hana, mwali umetulia tuli, Higgins anaondoka zake, na mwishowe karatasi aliyoshika inashika moto. Kisha anawekewa gololi mdomoni asome shairi, anameza moja, na Higgins anamwambia usijali nina nyingine. Usiku umekwenda, wote wamechoka, Pickering yuko hoi kwenye kiti, Higgins ana barafu kichwani, na hapo Higgins kwa mara ya kwanza anaongea naye kwa upole, anamweleza ukubwa wa lugha anayojaribu kuishika. Eliza anatulia. Anasema ile sentensi ya mazoezi, ya mvua ya Hispania, polepole, na imenyooka. Wimbo unaozuka hapo haukuletwa ili watu waburudike, umezuka kwa sababu maneno ya kawaida hayatoshi tena, na kama unajifunza kuandika michezo ya kuimba chukua hiyo tu, iangalie hata mara ishirini.

Pia waliihamisha ile chai ya sebuleni wakaipeleka kwenye mbio za farasi za Ascot. Kwa Shaw, Eliza alitamka neno moja chafu pale kwenye chai na London ya 1914 ikatikisika magazetini. Kufika 1956 neno hilo lilishapoa, halimshtui mtu, kwahiyo Lerner akampa Eliza kitu kikali zaidi, anampigia farasi kelele mbele ya wakubwa walionyooka kama nguzo. Kazi ya tukio ni ile ile.

Kasoro yangu kwa muvi ni kwamba Cukor aliiheshimu steji kupita kiasi. Kuna sehemu kamera imekaa kama mtu aliyelipia siti ya mbele na hataki kunyanyuka, na kwa muvi ya dakika 170 unaihisi.

Zile mashine za Higgins za kusikiliza vokali ni za kweli au ni mapambo?

Studio ilileta mtaalamu wa kweli wa fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, Peter Ladefoged wa chuo kikuu cha UCLA, awashauri, na baadhi ya vokali zinazosikika kwenye mashine ni sauti yake mwenyewe.

Ile sehemu ya Ascot kwanini wote wamevaa nyeusi na nyeupe? TV yetu ilikuwa na tatizo au?

TV yenu nzima kabisa. Mavazi ni ya Cecil Beaton, Mwingereza aliyevalisha pia steji, na akili yake ilienda kwenye Ascot ya Juni 1910, mwezi mmoja baada ya mfalme Edward wa Saba kufariki, ambapo wakubwa walikwenda kwenye mbio wakiwa wamevaa maombolezo. Beaton akachanganya nyeusi, nyeupe na kijivu kidogo, akawasimamisha wale watu kama vinyago, hawapigi makofi, hawapepesi, farasi wanapita na wao wanainua tu nyusi. Afu Eliza anapoingia na ile kofia pana yenye mariboni na maua, naye mavazi ni yale yale ya kwao, amefanana nao kabisa kwa macho. Tofauti itatokea akifungua mdomo. Mimi naona hakuna sehemu nyingine kwenye muvi ambapo mavazi yamefanya kazi ya kuandika kama hapo. Beaton na Cukor hawakuelewana kazini, ila kwenye skrini huoni ugomvi.

Walishuti London?

Hapana, mtaa wote wa Covent Garden na ile nyumba vilijengwa ndani ya studio za Warner kule Burbank, California, na muvi iligharimu takriban dola milioni 17.

Anti, hii muvi inaitwa ya mapenzi, mimi na mke wangu tumebishana mpaka usiku wa manane. Hakuna hata busu moja! Halafu mwisho Eliza anarudi kwa mtu aliyemdharau muvi nzima, na jamaa hata hasemi samahani, anaulizia slipa zake ziko wapi. Mke wangu kakasirika kazima TV. Mimi nasema hiyo ndo namna yao ya kupendana. Nani yuko sahihi?

Kaka yangu, mkeo kakasirikia kitu ambacho mwandishi mwenyewe alikikasirikia miaka mingi kabla yake. Huu ugomvi una umri kuliko muvi.

Shaw alichukua kisa cha kale cha Wagiriki cha mchongaji aliyependa sanamu aliyoichonga mwenyewe, akakigeuza kwa makusudi. Sanamu yake inapata uhai kisha inamwacha mchongaji. Eliza anaondoka, hilo ndo lilikuwa lengo la mchezo mzima. Pygmalion ikafunguliwa Vienna 1913, ikafika London Aprili 1914, na Herbert Beerbohm Tree aliyecheza Higgins akawa kabla pazia halijafunga anamrushia Eliza maua, watu wakaondoka wakijua wawili hawa wataoana. Shaw alichukia sana. 1916 akachapisha na maelezo marefu mwishoni kwamba Eliza ameolewa na Freddy na wamefungua duka la maua kwa msaada wa Kanali Pickering, basi, mjadala umefungwa. Haukufungwa. Muvi ya 1938, ile isiyo ya kuimba ya Leslie Howard na Wendy Hiller, Pascal akaweka mwisho wa Eliza kurudi na Higgins kuulizia slipa, Shaw hakuupanga yeye. Akapata Oscar ya kuandika muvi hiyo hiyo! Lerner akauchukua mwisho huo akauingiza kwenye mchezo wake, na kwenye kitabu cha mchezo aliandika wazi kwamba maelezo ya Shaw ameyaacha kwa sababu hana uhakika kama Shaw alikuwa sahihi.

Sasa nyinyi wawili. Kuhusu busu, wewe una hoja. Mapenzi ya hii muvi yamefichwa kwenye nyimbo. Higgins anaanza kwa wimbo wa kujisifu kwamba yeye ni mtu mpole asiyehitaji mwanamke ndani ya nyumba, na anamalizia anatembea peke yake kurudi nyumbani anaimba kwamba amezoea uso wake, afu katikati ya wimbo anakasirika anamwombea njaa, kisha anarudi tena kwenye ule uso. Neno kupenda halimtoki. Mtu aliyefanya kazi ya kuchambua kila sauti inayotoka kwenye midomo ya watu hana sauti ya kusema jambo lake moja, na Harrison analicheza hilo kwa usahihi wa kutisha.

Lakini mkeo yuko sahihi kwenye kubwa zaidi, na naomba mrudi wote mtazame tukio la baada ya sherehe ya ubalozini. Wamerudi usiku, wameshinda dau. Hata Mhungaria Karpathy, yule mtaalamu aliyejifanya hadanganyiki, ametangaza Eliza ni binti wa kifalme wa Hungaria. Pickering anampongeza Higgins kwa wimbo, Higgins anapokea, watumishi wanaingia nao wanampongeza Higgins, nyumba nzima inaimba. Mtafute Eliza kwenye picha. Amesimama pembeni, gauni lile lile lililotetemesha ubalozi, ameganda, hakuna aliyemwambia hata kazi nzuri. Hepburn hasemi neno dakika zote hizo, na mimi naona ndo uigizaji wake bora kwenye muvi. Wakishaondoka ndo anamtupia Higgins slipa, zote mbili. Kwahiyo slipa za mwisho hazikuzuka hewani, zimeshatumika kama silaha tayari.

Na yule aliyempa Eliza heshima kwanza ni Pickering. Eliza anamweleza mama yake Higgins kwamba Pickering daima alimtendea kama mwanamke wa heshima, kwamba binti wa maua na mwanamke wa heshima tofauti yao ni jinsi wanavyotendewa. Higgins kakaa chumba kile kile na hasikii.

Tazameni na ule mwisho tena bila hasira, sekunde chache tu. Higgins amekaa gizani anasikiliza mashine, ni rekodi ya sauti ya Eliza siku ya kwanza alipokuja na lafudhi yake ya mtaani. Eliza anaingia kimya, anazima mashine, anaimalizia ile sentensi yeye mwenyewe kwa lafudhi ile ile ya zamani. Sasa ana sauti zote mbili na anachagua. Hapo ningependa muvi ikatike. Ila Higgins anavuta kofia kufunika macho na kuulizia slipa, na mimi hilo sijawahi kulimeza, mtu anayerudi kwa hiari alistahili angalau aitwe kwa jina na aombwe radhi. Muvi inaisha kabla hatujaona kama anazifuata. Mwaka 2018 Lincoln Center Theater pale New York waliurudisha mchezo stejini chini ya mwongozaji Bartlett Sher, na humo Eliza anashuka kutoka stejini anapita katikati ya watazamaji anaondoka zake. Mweleze mkeo, atafurahi.

Nina mabinti wawili wadogo, nataka tuitazame pamoja ila saa tatu karibu ni ndefu. Nianzie wapi, na ipi ni nakala nzuri?

Muvi yenyewe ina mapumziko ndani yake, yanakuja pale Higgins anapomtoa Eliza nyumbani kwenda kwenye sherehe, simamisheni hapo, muendelee kesho yake. Wapeni watoto kazi ya kumwangalia baba yake Eliza, mzee Doolittle, aliyechezwa na Stanley Holloway tangu Broadway 1956. Anakuja kudai pauni tano kwa ajili ya binti yake, anapoongezewa kuwa kumi anakataa kwa sababu kumi zitamfanya mtu awe na tahadhari, na kwenye wimbo wake wa usiku wa kuamkia harusi watoto hawakai chini.

Kuhusu nakala, filamu ya asili ilikuwa imechakaa vibaya na ilifanyiwa ukarabati mkubwa 1994, kisha mwingine 2015 kwa maadhimisho ya miaka 50. Tafuta yenye ukarabati wa 2015, muvi ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 65 na kwenye nakala mbovu zile nyeusi na nyeupe za Ascot zinageuka kijivu chote. Na mabinti wakiuliza kwanini Eliza alirudi, waachie waseme wao kwanza.